Kuzisoma na Kuzieleza Takwimu: Ripoti Katika Mtihani wa Kiingereza

Mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS ulianzishwa mwaka 1989, na hata leo ni mmoja wa milango ambayo msemaji wa Kiswahili hupitia akitaka kusoma katika chuo kikuu cha Uingereza au Australia. Katika sehemu ya kuandika, mtahiniwa anayeelekea chuoni hupewa kazi mbili na dakika 60. Kazi ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250. Kazi ya kwanza, ambayo ndiyo maudhui ya makala hii, ni ripoti ya maneno yasiyopungua 150 juu ya grafu, jedwali, chati, ramani, au mchoro wa hatua za kutengeneza kitu. Na mtahiniwa hushauriwa aimalize katika dakika 20.

Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba ugumu wa ripoti ya takwimu kwa msemaji wa Kiswahili hautokani tu na uchache wa maneno ya Kiingereza. Aghalabu hutokana na desturi ya uandishi aliyoizoea shuleni. Tena, tofauti nyingi za maana zitakiwazo katika ripoti hiyo zimo tayari katika Kiswahili, ila hazijafundishwa kwa kusudi hilo. Jambo hili si dogo. Alama za mtihani huu hupanda kwa nusu nusu, kutoka 0 hadi 9, na nusu moja yatosha kumfungia mtu mlango wa chuo.

1. Linalotakiwa

Agizo la kazi ya kwanza ni fupi: mtahiniwa ateue mambo makuu, ayaeleze, na alinganishe panapostahili kulinganishwa. Wasahihishaji hupima mambo manne: kutimizwa kwa kazi iliyotolewa, mpangilio na mshikamano wa maneno, utajiri wa msamiati, na upana na usahihi wa sarufi. Yafaa ikumbukwe kuwa la kwanza katika manne hayo halihusu ufasaha. Mtu aweza kuandika Kiingereza kisicho na dosari, naye akakosa alama kwa sababu hakuteua, au kwa sababu ameeleza yasiyokuwamo katika jedwali.

Hapo ndipo desturi ya insha inapomponza mwanafunzi. Katika insha zetu za shule hufundishwa utangulizi wa kumvuta msomaji, mwili wenye hoja, na hitimisho lenye funzo. Na methali ikiingia mahali pake huwa pambo la kusifiwa. Mwanafunzi aliyelelewa hivyo, akionyeshwa grafu ya idadi ya watu iliyopanda, hutaka kusema kwa nini imepanda, kama ni vema au ni vibaya, na serikali ifanye nini. Yote hayo yaweza kuwa kweli, walakini hayakuulizwa. Takwimu zilizo mbele yake zasema ni nini kilichotokea, lini, na kwa kadiri gani. Hazisemi kwa nini. Ripoti haitaki utangulizi mrefu wala funzo la mwisho. Yataka sentensi moja ya kutaja kilichoonyeshwa, kwa maneno ya mwandishi mwenyewe. Kisha muhtasari wa mambo makuu. Kisha aya mbili hivi za maelezo yenye tarakimu.

2. Mfano wa sensa

Na tutwae takwimu zinazojulikana kwetu. Sensa za Tanzania zilihesabu watu milioni 12.3 mwaka 1967, milioni 17.5 mwaka 1978, milioni 23.1 mwaka 1988; milioni 34.4 mwaka 2002, milioni 44.9 mwaka 2012. Na milioni 61.7 mwaka 2022. Mtahiniwa asiyeteua atazitaja tarakimu hizi sita moja baada ya moja, na akifika mwisho atakuwa amelinakili jedwali kwa sentensi. Anayeteua ataandika kwa namna hii:

“Jedwali laonyesha idadi ya watu wa Tanzania katika sensa sita, kutoka mwaka 1967 hadi mwaka 2022. Kwa jumla, idadi hiyo iliongezeka katika kila kipindi, na mwishoni ilikuwa takriban mara tano ya ilivyokuwa mwanzoni. Ongezeko la vipindi viwili vya kwanza lilikaribiana, milioni 5.2 na milioni 5.6. Lakini kipindi cha mwisho, 2012 hadi 2022, kilileta ongezeko la milioni 16.8, yaani watu wengi kuliko wote waliohesabiwa mwaka 1967.”

Sentensi ya mwisho haikunakiliwa kutoka katika jedwali. Imepatikana kwa kutoa na kulinganisha. Hiyo ndiyo kazi iliyoagizwa.

Mfano huu una mtego pia. Kati ya 1988 na 2002 watu waliongezeka kwa milioni 11.3, na kati ya 2002 na 2012 kwa milioni 10.5. Mwenye haraka atasema kwamba ongezeko lilipungua kasi. Lakini kipindi cha kwanza kilikuwa cha miaka 14, na cha pili cha miaka 10. Kwa mwaka mmoja, ongezeko la kwanza lilikuwa takriban milioni 0.8, na la pili lilipita kidogo milioni 1. Basi kasi haikupungua, bali ilizidi. Kosa la namna hii si la Kiingereza, wala kamusi haiwezi kulitibu. Hutibiwa kwa kuitazama mistari na safu za jedwali kabla ya kushika kalamu.

3. Tofauti zilizomo katika Kiswahili

Sasa tuje kwenye lugha. Watahiniwa wengi hukosea wanapochagua kati ya neno la Kiingereza “number” na neno “amount”. Msemaji wa Kiswahili anayo tofauti hiyo kinywani mwake: husema idadi ya watu, lakini kiasi cha maji. Vihesabikavyo vina idadi. Visivyohesabika moja moja vina kiasi. Mwalimu akianzia hapo, kanuni haitakuwa ngeni.

Kadhalika, Kiswahili hutenga kadiri ya badiliko na mwisho wa badiliko. Twasema idadi iliongezeka kwa milioni 16.8, na iliongezeka hadi milioni 61.7. Kiingereza hutumia “by” kwa maana ya kwanza na “to” kwa maana ya pili. Atakayevichanganya vihusishi hivi atakuwa ameandika habari ya uongo, ingawa tarakimu yake ni sahihi. Hata hivyo tahadhari yatakiwa, maana kwa ya Kiswahili hubeba mizigo mingi: twaenda kwa miguu, twakata kwa kisu, twafika kwa mjomba. Kwa ya kadiri yapasa ifundishwe peke yake, wala isiachwe ifasiriwe kama kwa ya chombo.

Katika nyakati, lugha hizi mbili huandamana mpaka mahali fulani, kisha huachana. “Tangu mwaka 1967 idadi imeongezeka” na “Kati ya 1967 na 1978 idadi iliongezeka” zina wenzi wao katika Kiingereza. Lakini Kiswahili huruhusu kusema “amefika jana”, na Kiingereza hakiruhusu umbo hilo kukaa pamoja na wakati uliokwisha kutajwa. Kwa hiyo, panapotajwa mwaka uliopita, yafaa mtahiniwa aikumbuke -li-, aiache -me-.

Liko pia suala la asilimia. Kitu kikitoka asilimia 20 na kufika asilimia 30, kimeongezeka kwa pointi 10 za asilimia. Lakini kwa kukilinganisha na kilivyokuwa, kimeongezeka kwa asilimia 50. Kauli zote mbili ni za kweli, nazo hazina maana moja. Asemaye kwamba kimeongezeka kwa asilimia 10 amekosea katika lugha zote mbili.

Mwisho, Kiingereza cha ripoti hupenda kubadilishana kitenzi na nomino ili neno moja lisirudiwe hata likachosha. Nasi tunayo njia hiyo: idadi iliongezeka sana, kulikuwa na ongezeko kubwa la idadi. Kielezi cha kitenzi hugeuka kivumishi cha nomino. Mwanafunzi aliyezoezwa kuifanya zamu hii katika Kiswahili huitambua upesi aionapo katika Kiingereza.

4. Yapasayo kufanywa

Kutokana na haya, zoezi la kwanza la ripoti ya takwimu lafaa lifanywe kwa Kiswahili. Mwanafunzi apewe jedwali, atafute mambo makuu mawili au matatu, aandike muhtasari usio na tarakimu hata moja, ndipo aongeze tarakimu za kuuthibitisha. Akiyaweza hayo, abaki na kazi moja tu ya kujifunza Kiingereza chake. Asipoyaweza, mwalimu atajua kuwa upungufu uko katika kusoma takwimu, wala si katika lugha ya kigeni, na atautibu mahali ulipo.

Faida yake haitaishia katika chumba cha mtihani. Takwimu za sensa, za mavuno na za afya huandikwa kwa ajili ya wananchi, na wananchi wengi huzisoma kwa Kiswahili. Lugha iliyozoezwa kusema kwa hadhari kati ya idadi na kiasi, kati ya kwa na hadi, na kati ya asilimia na pointi za asilimia, itawafaa hao kabla ya kumfaa mtahiniwa.