Uthamini wa vitabu vya kale

Uthamini wa vitabu vya kale ni kazi ya kukadiria bei ambayo kitabu cha zamani kinaweza kupata sokoni. Hufanywa na wauzaji wa vitabu adimu, nyumba za mnada na wathamini wengine, kwa ajili ya mauzo, bima au ugawaji wa mirathi.

Umri na bei

Umri peke yake haufanyi kitabu kuwa ghali. Biblia nyingi za karne ya 19 zilichapishwa kwa wingi, hivyo kwa kawaida bei yake ni ndogo. Kinyume chake, Harry Potter and the Philosopher's Stone kilitolewa mwaka 1997 tu, lakini nakala za chapa ya kwanza zenye jalada gumu, zilizokuwa takriban 500, huuzwa kwa maelfu mengi ya dola. Bei hupanda pale ambapo nakala ni chache na wanaozitaka ni wengi. Bay Psalm Book, kilichochapishwa Massachusetts mwaka 1640, kimebaki na nakala 11 zinazojulikana. Moja iliuzwa mnadani New York mwaka 2013 kwa dola milioni 14.2 hivi.

Mambo yanayochunguzwa

* Toleo na chapa: mwaka, mchapishaji na makosa ya uchapaji. Chapa ya kwanza ya The Great Gatsby (1925) hutambulika kwa maneno "sick in tired" katika ukurasa wa 205, yaliyosahihishwa baadaye.
* Hali: kurasa zilizopotea, ukungu, madoa na matundu ya wadudu hupunguza bei. Karatasi inayofunika jalada inaweza kuongeza bei mara nyingi.
* Historia ya nakala: saini ya mwandishi au ya mmiliki mashuhuri huongeza thamani ikithibitishwa.

Kulinganisha bei

Baada ya kutambua chapa, mthamini hutafuta nakala zinazofanana, zenye hali ileile, zilizokwisha kuuzwa. Bei ambayo muuzaji anaitaja tu si kipimo, kwa kuwa huenda hakuna atakayeilipa. Muuzaji wa vitabu naye hununua kwa bei ya chini kuliko ile atakayouzia. Kwa sababu hiyo ni vema anayekadiria asiwe ndiye anayetaka kununua.

Tahadhari

Mwenye kitabu hashauriwi kukibandika selotepu, kufuta maandishi yaliyomo wala kubadilisha jalada kabla ya uthamini, maana matengenezo mabaya hushusha bei.

Kwa hati za mkono, kama tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ni vigumu kupata mauzo ya kulinganisha, kwa sababu kila nakala ni ya pekee. Hati ya namna hiyo inaweza kupata bei ndogo na bado ikawa na maana kubwa kwa wanahistoria. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SOAS ya London huhifadhi makusanyo ya hati hizo, na wataalamu wa aina hiyo wanaweza kuitambua kabla haijauzwa au kutupwa.