Ekee, Sinia ya Wagusii Isiyo ya Bati

Mtu wa mwambao akisikia habari za ususi, fikira zake huenda moja kwa moja kwenye ukili, mkeka na kawa la kufunikia chakula. Lakini huko bara, Manga, kwenye mlima unaoukabili mji wa Kisii na ambao leo umo katika Kaunti ya Nyamira, akina mama wa Kigusii nao wana ususi wao. Chombo chao kikuu ni ekee.

Ekee ni sinia ya kupakulia ugali wa wimbi, yaani ulezi, ambao Wagusii huuita obokima. Ajabu yake ni kwamba sinia yenyewe imetokana na mmea ule ule. Mabua membamba hutunzwa baada ya mavuno. Fungu lake huzungushwa kama konokono kuanzia katikati, na kila mzunguko hushonwa kwenye uliotangulia. Ugali wa moto ukitiwa humo, mabua hunywa jasho lake, chini kusilowe kama katika sahani ya bati.

Rangi haipakwi juu. Huingia pamoja na mshono. Basi nakshi hulifuata duara: pete, na meno kama ya msumeno. Mwenye kutaka ng'ombe humo atapata taabu. Wanavajo wa Marekani, ambao reli ilifika kwao katika miaka ya 1880, wamefuma mazulia yenye picha za treni, ng'ombe na bendera, kwa kuwa kitanda chao cha kufumia husimama wima na picha hupanda mstari kwa mstari. Sisi pia tunayo misala yenye sura ya Al-Kaaba, ingawa mingi ni kazi ya mashine. Kwa macho yangu, ekee haikupungukiwa na kitu.

Kinachopungua ni mabua. Mahindi yalilichukua shamba la wimbi, ikaja kahawa, ikaja chai, na vipande vya ardhi vikazidi kuwa vidogo. Bua la mahindi ni nene, halizunguki. Mezani nako sahani za plastiki zimeingia, na ekee nyingi huishia kutundikwa ukutani.

Atakayefika soko la Kisii na kutaka kununua, aibonyeze katikati kwa kidole gumba. Iliyokazwa vizuri haibonyei.