Kitegemezi na kitegemewa: namna ya kueleza hitilafu ya matoleo yasiyopatana

Ni nadra programu ya kompyuta kujitosheleza. Aghalabu huazima kazi kutoka kwenye maktaba, yaani mkusanyo wa misimbo iliyokwisha kuandikwa ili programu nyingine ziitumie. Maktaba nayo huweza kuegemea maktaba nyingine. Kila moja hutolewa kwa matoleo yenye namba, na hitilafu huzuka pale toleo lililopo silo linalohitajika.

Mfano ulio wazi ni wa maktaba mbili za lugha ya Python: NumPy, inayoshughulikia hesabu, na pandas, inayoshughulikia majedwali na iliyojengwa juu ya NumPy. NumPy 2.0 ilitolewa Juni 2024, ikiwa badiliko kubwa la kwanza la namba yake kuu tangu 2006. Maktaba zilizoundwa kwa kufuata NumPy 1 hazikuweza kuendeshwa pamoja nayo hadi ziundwe upya. Pandas ilianza kupatana nayo katika toleo 2.2.2.

Hitilafu ya namna hiyo ilitupata Lingeka, Meatu, mkoani Simiyu, tulipokuwa tukikusanya msamiati wa kilimo cha pamba. Mwalimu kijana wa Kiswahili aliyenisaidia alikuwa na kompyuta mpakato yenye pandas ya zamani. Aliposakinisha programu nyingine, NumPy ikapanda hadi 2, na majedwali yetu hayakufunguka tena. Nikamwandikia ujumbe kutoka ofisini: “Rudisha kitegemezi kwenye toleo la awali.” Nilikusudia NumPy. Yeye akairudisha nyuma pandas, bando lake la intaneti likaisha, na hitilafu ikabaki palepale. Aliponipigia simu alisema kwa upole: “Lakini Dokta, kishazi tegemezi si ndicho kinachotegemea?”

Alikuwa sahihi. Katika Kiswahili, kiambishi -zi katika *tegemezi* humwelekea mtenda: anayetegemea. Mtoto tegemezi huwategemea wazazi. Kishazi tegemezi hukitegemea kishazi huru. Kwa hiyo pandas ni *kitegemezi*, na NumPy, inayobeba mzigo, ni *kitegemewa*, nomino ya ngeli ya KI-VI inayotokana na kitenzi cha kutendwa. Wafasiri wengi huliita jambo hili la pili *tegemezi*, na kwa kufanya hivyo huugeuza uhusiano miguu juu. *Tegemeo* lingefaa, ila wingi wake, *mategemeo*, umezoeleka kwa maana ya matarajio.

Linganisha:

• Yenye utata: Tegemezi la pandas lina hitilafu.
• Bora: Toleo la NumPy, kitegemewa cha pandas, halipatani na toleo la pandas lililopo.

Sentensi ya pili inataja pande zote mbili, nayo haisemi kwamba kimoja ni kibovu. Hilo ni muhimu. Katika “kitabu yangu” hakuna neno lenye kasoro. Kilichokosekana ni upatanisho. Ndivyo ilivyo hapa, na ndiyo maana kufuta maktaba na kuipakua upya bila kutaja toleo huweza kuirejesha hitilafu ileile.

Vilevile, *toleo* lisichanganywe na *nakala*. Kompyuta kumi zaweza kuwa na nakala kumi za toleo moja.

Anayetafuta chanzo cha hitilafu na afuate hatua hizi:

1. Asome ujumbe wa hitilafu kuanzia mstari wa mwisho. Katika Python, aina ya hitilafu hutajwa hapo.
2. Abainishe kama maktaba haipo kabisa, au ipo katika toleo lisilofaa. “Haikupatikana” na “haipatani” ni mambo mawili.
3. Aandike majina mawili, kitegemezi na kitegemewa, pamoja na namba za matoleo. Kwa kawaida, namba ya kwanza ikibadilika, upatanifu na matoleo ya nyuma huenda umevunjika. Ya pili huashiria nyongeza. Ya tatu, marekebisho.
4. Atumie amri ya pip check, inayotaja masharti yaliyotangazwa ambayo hayajatimizwa. Isipotaja sharti lolote, si uthibitisho kwamba yote yanapatana, kwa kuwa maktaba za zamani huenda hazikutangaza mpaka wa juu.
5. Achague upande mmoja: kukishusha kitegemewa au kukipandisha kitegemezi. Kwetu, ingetosha kuishusha NumPy chini ya 2, au kuipandisha pandas hadi 2.2.2 au zaidi.
6. Aitengee kila kazi mazingira yake, na aandike namba za matoleo yanayofanya kazi katika faili, ili mwenzake asakinishe yaleyale.

Kwa mfasiri, hatua ya tatu ndiyo nguzo. Asiyeweza kusema ni kipi kinachotegemea na ni kipi kinachotegemewa asiutafsiri ujumbe huo bado. Aliye mbali na fundi, mwenye bando dogo, ataufuata neno kwa neno.