Siku kompyuta ilipomwambia mtaalamu anywe siki

Hapa cafe kila siku nasikia mtu akisema "sistimu imekataa", na mjadala unaishia hapo. Umeomba mkopo kwenye simu, umenyimwa, ukiuliza sababu unajibiwa "ni sistimu". Leo nataka nieleze kidogo sistimu inaamuaje, maana ukishajua hutalikubali tena jibu hilo kirahisi.

Kitaalamu zinaitwa mifumo ya kusaidia maamuzi. Liangalieni vizuri hilo neno KUSAIDIA. Nyuma yake kuna elimu iliyopata nguvu wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale majeshi ya Uingereza na Marekani yalipowaita wanasayansi wapige hesabu za mambo kama meli za mizigo zisafiri kwa makundi makubwa au madogo. Vita ilipoisha, hesabu hizo zikahamia viwandani, kwenye mashirika ya ndege na hata hospitali.

Swali la aina hii lina vitu vitatu: unachotaka (mfano gharama iwe ndogo), unachoweza kuchagua, na mipaka usiyoweza kuvuka. Basi.

Tuchukue mfano wa msosi. Mwaka 1945 mchumi wa Marekani, George Stigler, alijiuliza: mwanaume wa kilo 70 anaweza kuishi mwaka mzima kwa hela ndogo kiasi gani, bila kukosa virutubisho? Alichoweza kuchagua ni vyakula 77. Mipaka ilikuwa 9: nishati, protini, madini na vitamini. Akajaribu kwa akili yake, akapata dola 39.93 kwa mwaka kwa bei za 1939. Menyu yenyewe: unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, spinachi na maharage makavu. Mwaka mzima!

Mwaka 1947 Mmarekani mwingine, George Dantzig, akabuni njia ya hesabu inayoitwa simpleksi. Badala ya kujaribu kila mchanganyiko, unaanza na jibu moja linalokubalika, unahamia lililo bora zaidi, mpaka pasiwe na bora kuliko hapo ulipofika. Wakaijaribu kwenye swali la Stigler. Makarani 9 wenye mashine za hesabu za mkono walitumia muda sawa na siku 120 za kazi za mtu mmoja. Jibu: dola 39.69. Yaani Stigler alikosea kwa senti 24 tu! Leo kompyuta uliyokalia hapo inaimaliza hesabu hiyo kufumba na kufumbua.

Sasa utamu uko hapa. Miaka ya 1950 daktari alimshauri Dantzig apunguze mwili. Jamaa akaona aiachie kompyuta impangie chakula. Akaiagiza: nipe chakula kitakachonishibisha zaidi bila kuzidisha kalori. Na kushiba akakupima kwa uzito wa chakula ukitoa maji yaliyomo. Kompyuta ikamjibu: kunywa galoni 500 za siki kwa siku! Kwenye data zake siki ilihesabiwa kama kitu kisicho na maji wala kalori, kwa hiyo kwa mashine hicho ndicho chakula bora duniani. Akaifuta siki. Ikaleta vidonge 200 vya supu kwa siku. Kumbe hakuweka kikomo cha chumvi. Akaweka kikomo, ikaleta pumba za ngano karibu kilo nzima. Mwishowe mkewe, Anne, ndiye aliyempangia chakula, na jamaa akapungua kama kilo 10.

Tusicheke sana. Kompyuta haikukosea hata mara moja! Ilijibu sawasawa swali iliyoulizwa. Tatizo lilikuwa kwenye swali lenyewe, na swali aliliandika binadamu.

Wala sisemi hesabu hizi ni mbaya. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) linazitumia kupanga chakula gani kinunuliwe, wapi, na kipite njia ipi kuwafikia wenye njaa, na mwaka 2021 lilipata tuzo ya Franz Edelman kwa kazi hiyo. Hela ikipangwa vizuri, watu wengi zaidi wanakula. Ila lazima awepo mtu wa kuuliza: hicho chakula wenyewe watakila?

Mikopo ya simu ina hesabu za aina nyingine, lakini huko nako kuna mtu aliyeamua nini kihesabiwe na mpaka uwekwe wapi. Kwa hiyo ukiambiwa "sistimu imekataa", uliza: mliipa swali gani? Ilitazama taarifa zipi zangu? Nani anaweza kulipitia upya jibu lake?

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe sistimu imewahi kukuamulia nini, na ulipata wa kumuuliza? Dondosha maoni hapo chini tujadili.