Mnyama Mmoja kwa Siku: Daftari Linalomfundisha Mtoto Ukweli

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Tumekuwa tukiletewa na akina mama swali moja kwa maneno mbalimbali. Watoto wao wamejiwekea, au wamewekewa na walimu wao, zoezi la kuchora mnyama mmoja wa mwituni kila siku na kumweleza kwa maneno machache chini ya mchoro. Je, kuchora huko kwafaa? Na iwapo kwafaa, kuna faida gani ndani yake? Tutaanza na lile linalowatia wazazi wasiwasi zaidi.

Hukumu ya kuchora

Zipo hadithi sahihi zinazowaonya vikali wanaotengeneza picha na sanamu za viumbe wenye roho. Imamu Nawawi, ambaye sisi wa madhehebu ya Shafi tunamtegemea sana, aliuchukua uonyo huo kwa upana wake. Ibn Abbas (R.A.) naye alimwelekeza mtu aliyekuwa akiishi kwa kazi ya picha achore miti na vitu visivyo na roho.

Upande wa pili, imethibiti kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere wa kuchezea nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), na katika riwaya ya Abu Daud mmoja wao alikuwa farasi mwenye mbawa. Mtume hakumkataza, bali alicheka. Kwa sababu hiyo wanazuoni wengi waliwatoa wanasesere wa watoto katika katazo. Baadhi ya wanazuoni wa zama zetu wamefuata kiasi hicho wakaruhusu michoro ya kuwasomeshea watoto, na wengine hawakuridhika nacho.

Basi nyumba iliyoshika rai ya ruhusa isiidharau nyumba iliyoshika tahadhari, wala hii isiihukumu ile. Na mwenye kutaka tahadhari hana haja ya kumnyang'anya mtoto daftari. Amwambie achore unyayo, unyoya, gamba, pembe, kiota au mkia. Katika hadithi ya Jibrili (A.S.) tumefundishwa kwamba sanamu ikikatwa kichwa huwa mfano wa mti. Mtoto anayechora unyayo peke yake hapungukiwi na kitu, kwani hawezi kuuchora mpaka autazame kwa makini.

Na kutazama ndiko kunakotakiwa. Katika Suratul Ghashiya Mwenyezi Mungu anawahoji watu iwapo hawamtazami ngamia namna alivyoumbwa. Waliohojiwa ni Waarabu waliokuwa wakiishi na ngamia usiku na mchana. Walikuwa wakimwona kila siku, lakini kuona si kutazama.

Waliotutangulia

Jambo hili si geni katika elimu yetu. Kamaluddin Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 wa Hijria, sawa na 1405 wa Miladi, alikuwa mwanazuoni wa Kishafi aliyeisherehesha Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kinachosomeshwa hadi leo katika darsa za pwani yetu. Mwanazuoni huyohuyo aliandika Hayatul Hayawan, kitabu kikubwa cha wanyama kilichopangwa kwa herufi za alfabeti. Kila mnyama alimtajia majina yake, sifa zake, yaliyopokewa juu yake katika hadithi, hukumu ya kumla, na methali zilizosemwa kumhusu. Kilichomsukuma kukiandika ni mkanganyiko uliozuka darsani juu ya majina ya wanyama. Jina likipotea, elimu iliyobebwa na jina hilo hupotea nalo.

Msiba huo sasa uko milangoni mwetu. Mtoto wa Mombasa au Lamu anamtambua simba kwa sababu ya runinga, lakini mwulize isanje ni nani, au hirola, au mbega. Hao ni majirani zake, naye hawajui hata kwa jina.

Namna ya kulijaza daftari

Tunapendekeza wakati baina ya Magharibi na Isha, dakika ishirini tu, penseli na daftari la kawaida. Juu ya ukurasa liandikwe jina la mnyama: kwa Kiswahili, kwa Kiarabu likijulikana, na kwa lahaja ya bibi. Kisha mchoro. Kisha sentensi tatu: umbo lake, makazi na chakula chake, na hukumu ya kumla kama mtoto ameisoma.

Mstari wa mwisho ndio tunaoushikilia kuliko yote. Mtoto aandike habari hiyo ameipata wapi: "Nimemwona mwenyewe," au "Nimeambiwa na babu, aliyemwona baharini," au "Nimesoma kitabuni." Huu ni mfano mdogo wa isnadi, ile njia ambayo wanazuoni wa hadithi waliitumia kuilinda dini isichanganywe na uzushi. Mtoto aliyezoea kujiuliza "nani kakwambia?" juu ya popo na kobe, atajiuliza vivyo hivyo akiletewa habari ya jirani yake.

Wiki ya kwanza

Jumamosi, kasa. Kuchore gamba lake. Hutoka baharini usiku kutaga mayai mchangani, na joto la mchanga ndilo linaloamua watoto wawe wa kike au wa kiume: mchanga wenye joto zaidi hutoa majike.

Jumapili, mbega wa Diani, mweusi mwenye manyoya meupe marefu mabegani. Uchorwe mkono wake, wenye vidole vinne virefu na kigutu tu mahali pa kidole gumba. Mkono huo hujipachika tawini kama kulabu.

Jumatatu, isanje, ambaye wengine humwita sange. Ni mdogo kama sungura mchanga, pua yake ndefu hupindapinda kama mkonga, na matako yake ni ya rangi ya dhahabu. Ngome yake kuu duniani ni msitu wetu wa Arabuko-Sokoke.

Jumanne, hirola. Mstari mweupe huunganisha macho yake kama fremu ya miwani. Inakadiriwa kuwa waliobaki porini hawazidi 500, na wengi wao wamo Garissa. Huko Ishaqbini wenyeji, ambao ni Waislamu wa Kisomali, wametenga sehemu ya ardhi yao ili kumhifadhi.

Jumatano, bundi. Uchorwe unyoya wake, ambao kingo zake ni laini kama pindo la shela. Ndiyo maana haruki kwa kishindo. Anakula panya wanaotuharibia nafaka, nasi tunampiga mawe tukisema analeta kifo. Mtume (S.A.W.) aliikanusha itikadi ya kijahiliya juu ya ndege huyu, na akakataza kuamini kisirani. Mama akiufunga ukurasa huu na mwanawe, huenda mawe yakapungua mtaani.

Alhamisi, nguva. Watu husimulia kwamba nusu yake ni mwanamke. Mtoto amwulize mvuvi mzee: aliona nini kwa macho yake? Atajibiwa kwamba nguva ni mnyama anayevuta hewa, ananyonyesha mwanawe, na analisha nyasi za baharini. Siku hizi ni nadra mno kuonekana hata katika visiwa vya Lamu.

Ijumaa, sisimizi. Huyu hahitaji safari, yuko kizingitini. Qur'ani imemtaja katika sura yenye jina lake, akiwatahadharisha wenzake wasipondwe na jeshi la Nabii Sulaiman (A.S.). Nabii huyo alipoyasikia maneno yake alitabasamu, akamwomba Mola wake amwezeshe kushukuru.

Tunawausia akina baba nao wakae kwenye mkeka huo, wasiwaachie akina mama peke yao. Wala mtoto asichekwe kwa mchoro uliopinda. Asahihishwe pale tu alipoandika asichokiona wala kukipokea kwa mtu.

Qur'ani imetueleza kwamba wanyama wa ardhini na ndege wa angani ni umma mfano wetu. Umma hauhifadhiwi na watu wasiojua jina lake. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu macho ya kutazama na ndimi za kusema kweli. Amin.