Daktari wa Eksirei Aliyeokoa Mguu

Wengi wetu tunaijua eksirei kama chumba cha picha tu. Unalala, unaambiwa usipumue, picha inatoka, halafu daktari mwingine ndiye anatibu. Hebu tumwone daktari mmoja wa Marekani aliyebadilisha mambo hayo.

Jina lake ni Charles Dotter. Mwaka 1952, akiwa na miaka 32 tu, aliwekwa kuwa mkuu wa idara ya eksirei katika chuo cha udaktari cha Oregon, mjini Portland. Aliongoza idara hiyo mpaka alipofariki mwaka 1985.

Dotter alichunguza mishipa ya damu. Ili mshipa uonekane vizuri kwenye picha, mrija mwembamba huingizwa ndani yake na kupitisha dawa. Siku moja mwaka 1963, mrija wake ulipenya mahali palipoziba, na njia ikafunguka. Hakusema ni bahati tu. Alijiuliza: mrija unaotuonyesha ugonjwa, mbona usitibu pia?

Punde akaletewa mama wa miaka 82. Mshipa wa paja ulikuwa umebana na vidole vya mguu vimeanza kuoza. Madaktari walitaka kuukata mguu, lakini mama alikataa katakata. Tarehe 16 Januari 1964, Dotter alipitisha waya mwembamba kupitia tundu dogo. Juu ya waya akapitisha mrija, halafu mwingine mnene zaidi, mpaka njia ikapanuka. Damu ikashuka, maumivu yakaisha. Vidole 3 vilivyokwisha kufa vilidondoka, lakini mguu ukapona. Mama alitembea kwa miguu yote miwili mpaka alipofariki, zaidi ya miaka 2 baadaye.

Wako madaktari waliomcheka. Pamoja na mwenzake Melvin Judkins aliandika matokeo mwaka huo huo ili wengine wajaribu. Vifaa visivyouzwa alivitengeneza mwenyewe, hata kwa nyuzi za gitaa! Mwaka 1977, huko Zurich, daktari Andreas Grüntzig aliiendeleza njia hii kwa puto dogo, akafungua mshipa wa moyo.

Sisi tunajifunza nini? Mguu ukiwa baridi, ukiuma mtu akitembea na kutulia akipumzika, au ukiwa na kidonda kisichopona, tusingoje. Hasa kwa mwenye ugonjwa wa sukari au anayevuta sigara. Twende hospitali mapema tukaulize: damu inafika mguuni? Kama mshipa umebana, unaweza kufunguliwa? Hapa Kenya kazi hii hufanywa katika hospitali kubwa chache. Si kila mguu utaokolewa, na wakati mwingine kuukata ndiko kunaokoa maisha. Lakini anayechelewa hana la kuchagua.

Tujadiliane kikundini:
1. Nani kati yetu ana sukari, na ni nani anamsaidia kukagua miguu yake kila siku?
2. Mfuko wetu wa dharura unaweza kulipia nauli ya mgonjwa kabla hali haijawa mbaya?