Bwana Afya na Harufu ya Peremende

Wazee wetu wakisema "bwana afya", kila mtu anamjua: yule mkaguzi anayekuja kuangalia choo, mtaro na shimo la taka. Uingereza nayo ilikuwa na mabwana afya wake, na miaka ya 1900 hivi walikuwa na mbinu zao.

Shida ni kwamba bomba la choo limefukiwa chini ya sakafu. Likipasuka, hulioni. Basi mkaguzi mmoja anapanda juu, anamimina mafuta ya mnanaa na maji ya moto kwenye bomba la choo linalotokeza nje, halafu anabaki hukohuko. Akiingia ndani ananukia mwili mzima, anaharibu kipimo. Mwenzake yuko ndani, milango na madirisha yamefungwa, ananusa chumba kwa chumba. Akisikia harufu ya peremende jikoni, ujue bomba linavuja.

Wengine walisukuma moshi kwenye mtaro waone unatokea wapi. Kipimo kikali zaidi kilikuwa cha maji: unaziba mtaro upande wa chini, unaujaza, unasubiri. Maji yakishuka, kuna ufa.

Sasa, faida yake ni nini? Ushahidi. Nyumba ya maskini ikinuka, au mtoto akiugua homa ya matumbo, ni rahisi kusema "hawa watu wachafu". Lakini moshi ukitoka ukutani, hakuna cha kumlaumu mama mwenye ufagio. Sheria ya Afya ya Umma ya 1875, iliyotumika England na Wales nje ya London, ilisema wazi: kero ikitokana na kasoro ya ujenzi, notisi anapelekewa mwenye nyumba. Si mpangaji.

Hiyo inatuhusu sisi tunaopanga. Wangapi tumeambiwa harufu ya bafuni inaletwa na "mapishi yenu"? Sheria ya 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, huko England, inasema kwenye mikataba ya chini ya miaka 7 ukarabati wa mitaro na mabomba ya nje ni kazi ya mwenye nyumba.

Kwa hiyo usimwage dawa ya choo kila wiki ukinyamaza. Piga picha, andika tarehe, mwandikie mwenye nyumba. Asipojibu, piga simu kaunsili uulize kitengo cha afya ya mazingira. Bwana afya bado yupo.